Mapango ya Mwanasiti Kwenye Foleni ya Pilau

Miezi minane mizima, Mwanasiti mchana alipanga mizigo ghalani Nechells, huko ughaibuni, jioni akapanda kilima. Kilima cha kwenye laptopu, cha utafiti wake, usimuonee wivu. Kiko kusini mwa Uhispania: juu ngome ya Waislamu wa zamani, chini mapango waliyoishi watu. Ngome kila mtu anaipiga picha. Mapango, nani ana habari nayo? Yeye roho yake ilikuwa kwa hao wa mapangoni, waliopandisha mawe na maji mpaka juu na hakuna aliyewaandika hata jina. Leo, siku ya familia za Kitanzania, ukumbi wa Saltley, kapewa nusu saa awasemee.

Nusu saa, jamani. Na akaamini.

Wageni wakachelewa. Kisha mshereheshaji, Ami Maulid, akaanza utambulisho. Mwenyekiti akasimama, akapunga mkono. Mwenyekiti mstaafu. Mlezi. Mke wa mlezi. Mpaka aliyepanga viti akasimama, akapigiwa makofi.

"Ami, nimebakiwa na dakika ngapi?"

"Tano, mwanangu. Eleza ngome tu, mapango waachie popo."

Ukumbi ukacheka. Mwanasiti akacheka kicheko cha meno tu. Kafika slaidi ya pili, rafiki yake Nasreen kafunua sufuria la pilau, na ukumbi mzima ukainuka.

"Shoga, pole," Nasreen akasema, upawa mkononi. "Pilau ina wafuasi kukuzidi."

"Foleni yako inaishia wapi?"

"Kule mlangoni."

"Na hawatakimbia?"

"Wakimbie waache nyama?"

Basi akabeba laptopu, akasimama ubavuni mwa foleni, akaanza na kuta za udongo ulioshindiliwa. Balaa, foleni inatembea! Waliosikia kuta wakabeba sahani zao wakaenda. Waliofuata wakakuta birika la maji ya mvua. Wa nyuma kabisa ndio wakapata mapango: jiko lililochongwa mwambani, masizi bado yako darini. Sauti imemkauka, na hakuna hata mmoja aliyeipata hadithi nzima.

Ami Maulid akapita, sahani imefura. "Hongera, mwanangu! Ngome kali ile. Sasa waliojenga walikuwa wanalala wapi?"

Mwanasiti akamwonyesha mlangoni, foleni inakoishia.

"Ami, ukimaliza hiyo, nenda kaongeze. Na ujipange nyuma kabisa."

Ami akaangalia nyama, akaangalia mstari, akaenda. Mwanasiti akaziruka slaidi zote za ngome, akaanza upya, mapangoni.