Debe la Bi Hadija

Nilipokuwa mtoto, msimu mmoja wa mafuriko, tulikuwa wanne katika dungu letu la kijijini Mkongo, kibanda cha juu ya nguzo ambamo watu hulinda mpunga. Alikuwepo mama yangu, Agnesi. Alikuwepo mdogo wangu Monika, amelala na homa kali. Alikuwepo jirani yetu, Hadija binti Ngwele. Wengine walimwita Bi Dija, mimi sikuthubutu. Nami nilikuwepo, Petro. Baba yetu, Yohana, tulikuwa tumemzika kabla maji hayajapanda.

Kwa watu wa bondeni, maji yakizunguka dungu, mgonjwa hatajwi jina. Waliamini mto unasikia, na ukilijua jina humwita mwenye nalo. Bi Hadija alimwita mdogo wangu "mgeni". Lakini sisi tulikuwa Wakristo, nyumba pekee upande ule, na kila magharibi mama alipiga magoti akamtaja Monika kwa sauti mbele ya Mungu.

"Mama Petro, usimtaje mtoto," Bi Hadija alimwambia. "Kwani huyo Mungu hamjui?"

"Anamjua, bibi."

"Basi wamwambia nini?"

"Namwambia ili mie nisisahau kwamba anamjua."

Bi Hadija aliyatazama maji. Kisha akalivuta debe tulilopiga kufukuza ndege.

"Kwenye makelele anasikia?"

"Anasikia."

"Haya, omba. Ukifika kwenye jina, nikonyeze."

Mama alicheka, mara ya kwanza tangu mazishi. Akaomba. Kila alipofika kwenye jina debe lililia, nami niliona midomo yake tu ikitembea. Walifanya hivyo jioni baada ya jioni, mpaka Monika alipofumbua macho akauliza, "Nani huyo anapiga kelele? Nataka uji."

Bi Hadija alidai kilichomponya ni debe. Mama hakubishana naye.

Zamani nilidhani mwenye imani haogopi. Sasa nakumbuka mama alivyoyachungulia maji kwa hofu jioni zile zote, na hata hivyo akapiga magoti.

Miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa na mji wa Kibiti, tulikohamia, ukajaa redio na mitumba, Monika aliugua tena. Mama na Bi Hadija walikwisha kututangulia. Nilikaa kando ya kitanda chake, mimi mwenye mvi, nikaanza kuomba. Chumba kilikuwa kimya mno. Nilitamani apone, na nilitamani pia kulisikia debe lile, na sauti ya mama ndani yake. Nilipofika kwenye jina, Monika alinyanyua kidole akagonga ubao wa kitanda.

"Endelea, kaka," alisema. "Mto hausikii."

Nikaendelea mpaka amina.

Monika binti Yohana alifariki kesho yake asubuhi, hapo hapo Kibiti.