Sahani ya Kombe

Mpaka leo mkono wangu husita nikishika sahani nyeupe ya kauri.

Mtoto wa ami yangu nami tulilelewa na nyanya yetu huko Jomvu Kuu. Tulilala kitanda kimoja, tukasoma darasa moja. Yeye alikuwa wa kwanza kila muhula. Mimi niliandika polepole, kengele ikinikuta katikati ya ukurasa, na nikiulizwa swali nilitazama vidole vyangu. Tulipofika darasa la nane, mwaka wa mtihani wa kwenda sekondari, jamaa wote walimwelekezea macho yeye. Mimi peke yangu nilijua kwamba pembe ya shuka letu, upande wake, alikuwa akiitafuna usiku.

Kwetu mtoto anayekabili jambo zito huandikiwa kombe. Mwalimu wa chuoni, anakosomeshwa Kurani, huandika aya kwa zafarani juu ya sahani nyeupe, kisha maandishi huoshwa kwa maji ya marashi na mtoto akayanywa. Nyanya alimwandikishia moja, nalo lilitosha. Lakini siku ya kuamkia mtihani jamaa na majirani walianza kuingia, kila mtu na sahani yake iliyofunikwa kitambaa. Akanywa, akanywa tena.

Alasiri akaja shangazi kutoka Timbwani, amevuka feri na sahani mapajani.

"Kunywa, mwanangu. Ukoo mzima hakuna aliyepita darasa la nane. Ukianguka wewe, tumeanguka sote."

"Nimeshiba, shangazi."

"Kombe halishibishi mtu. Kunywa."

Jirani mmoja akaninyoshea kidole. "Na huyu je, haandikiwi?"

"Huyo mpeni chai," shangazi akajibu, wakaangua kicheko. Hata mimi nilicheka.

Yeye hakucheka. Aliipokea sahani kwa mikono miwili, kwa adabu, akaiinua kama anayetaka kunywa. Kisha akaibwaga sakafuni.

Wallahi, sijapata kuona jambo kama lile. Maneno ya Mungu yalikuwa chini! Maji ya manjano yalitambaa kati ya vigae vya sahani kuelekea miguu ya shangazi, naye akaipandisha kitini kama aliyeona nyoka. Na aliyefanya hivyo ni mtoto ambaye hata akiitikia "abee" huinamisha kichwa.

"Ana jini huyu," shangazi akanong'ona.

"Sina jini." Alisema akivitazama vile vigae. "Kila sahani ni mtu mwingine nitakayemwaibisha nikianguka. Kesho siendi."

Nilifumba macho nikingoja kofi. Nilipoyafumbua, nyanya alikuwa amepiga magoti, akipangusa yale maji kwa leso yake. Akaokota vigae, akavipeleka nyuma ya nyumba pasipokanyagwa na mtu. Aliporudi, akaufungua mlango wazi.

"Ahsanteni. Sasa nendeni nyumbani."

"Na dua?" shangazi akauliza.

"Ombeni huko huko kwenu, asisikie."

Walipotoka, akamkalisha mwenzangu mkekani, akamfumua nywele na kumsuka upya, wakizungumza habari za kuku wetu aliyekuwa akiatamia. Mtihani haukutajwa. Jua halijatua, alikuwa amesinzia mapajani mwa nyanya.

Asubuhi alivaa sare, tukaenda shuleni pamoja. Mlangoni mwa darasa akasimama, akanishika mkono. Wake ulikuwa wa baridi.

"Nikianguka?"

Nami nisiyesema kitu nikasema, "Tutaanguka wawili. Utapata mwenzio wa kunywa naye chai."

Akacheka kwa sauti, msimamizi akageuka kututazama. Kisha akaingia.