Kitako cha Ubao wa Kitanda

Juzi, katika karakana ya seremala mmoja hapa mtaani Matonge, nilimkuta mzee ambaye kiharusi kilimdhoofisha mkono wa kushoto. Klabu yake ya kulenga shabaha ilimtaka ainue bunduki ya upepo bila msaada, la sivyo asirudi. Hata bunduki nyepesi hakuimudu, hivyo seremala alimchongea kitako kipya cha kuhamishia uzito begani, kwa ubao wa kitanda kibovu.

"Bon, papa, inua," seremala akasema.

Mzee aliinua. Mkewe, aliyesimama kando yake, akaweka kidole kimoja chini ya mtutu.

"Maman, toa mukono," seremala akamwambia.

Akautoa. Mtutu ukashuka polepole.

"Chonga tena," mzee akamwambia fundi.

Mara ya tatu bunduki ilitulia. Mke alikuwa amefumbata mikono yake mgongoni, na kati yao wawili sijui ni nani aliyebeba mzigo mzito zaidi.