Nakala Moja Mbovu

Mama yetu alifia Bukavu, kwetu Kongo, kwa ugonjwa wa titi, akiwa mdogo kuliko nilivyo mimi leo. Mdogo wake naye akaondoka vivyo hivyo. Ukoo mzima ulisema ni sumu. Kwa hiyo dada yangu mkubwa aliponivuta nyuma ya nyumba yetu hapa Dzaleka, kambi ya wakimbizi ya Malawi, akauchukua mkono wangu na kuubana chini ya kwapa lake, sikuuliza lolote. Palikuwa na kitu kigumu kama kokwa, na hakikusogea.

"Mi sipendi kaka ajue," alisema. Kaka yetu anauza mitumba Kawale, mtaa wa Lilongwe, na yeye ndiye aliyeshikilia habari ya sumu kuliko wote.

Tulikwenda hospitali Lilongwe sisi wawili tu. Walimchoma sindano, wakatoa kinyama kidogo cha kupima. Siku ya majibu daktari, mwanamke wa Kimalawi mwenye sauti ya chini, alisema ni kansa, kisha akauliza mama alikufa na nini. Dada hajui Kiingereza. Mimi nilijifunza kambini, kwa hiyo kila neno lilipita kinywani mwangu.

Alieleza kwamba seli za mwili hugawanyika, na kabla ya kugawanyika kila moja hunakili DNA yake yote. Mara nyingine DNA hiyo hukatika. Zipo jeni ambazo kazi yake ni kuizuia seli isigawanyike mpaka palipokatika pametengenezwa. Kila mtu huzaliwa na nakala mbili za jeni hizo, moja ya baba na moja ya mama. Aliyerithi moja mbovu huishi kwa ile nzima. Lakini ile nzima ikija kuharibika ndani ya seli moja ya titi, makosa hurundikana, na seli inaendelea kugawanyika tu.

"Anasema mu mwili muko kitu inatengenezaka DNA fasi imekatika," nilimwambia dada. "Ya kwetu pengine ilizaliwaka imeharibika."

Ndipo daktari akanigeukia mimi. Kama mama alikuwa na nakala hiyo mbovu, alisema, basi wewe pia unaweza kuwa umeirithi, nusu kwa nusu.

Hilo sikulitafsiri.

"Amesema nini?" dada akauliza.

"Yaya," nilimwita, kama dada mkubwa anavyoitwa kwetu, "amesema turudi juma lijalo."

"Usinidanganye. Alikuwa anaangalia weye, hapana miye."

Nikamwambia. Akanishika kiganja. "Na batoto? Umuulize."

Jibu lilikuwa lilelile, nusu kwa nusu, wa kike na wa kiume. Si kila anayerithi huugua, daktari alisisitiza, na mwanamume anaweza kumpa binti yake bila yeye kuugua. Kipimo chenyewe cha jeni hizo hakikuwapo pale.

Sumu niliweza kuikwepa. Niliacha kula kwa watu niliowashuku. Hii ningeikwepaje? Nikisonga nsima, ugali wa huku, nilifikiri seli zangu zinagawanyika wakati huohuo. Bafuni niliogopa kujipapasa, nikaogopa pia kutojipapasa.

Dada alipokwisha kukatwa titi, ni yeye aliyetaka twende Kawale. Kaka alisikiliza huku akikunja mashati.

"Hiyo ni maneno ya bamama," alisema. "Mama balimupatia sumu, kila mutu anajua."

Dada akashusha blauzi, akamwonyesha bandeji. "Na miye? Nani alinipatia?"

Kaka akageuza uso. Binti yake mkubwa alikuwa akituletea maji, na macho ya baba yake yalimfuata mpaka akatoka. Akaketi juu ya robota la nguo.

"Basi hata miye naweza kuwa nayo?" aliuliza kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake. "Hata bale babinti yangu?"

"Inawezekana," nilisema. Hakutaja sumu tena siku hiyo.

Dada alimaliza dripu zake za dawa ya kansa, na nywele zinaota tena. Mimi nilipimwa kwa mikono na kwa mashine, wasione kitu, wakaniambia nirudi kila mwaka. Tarehe ikikaribia, usingizi unakatika. Na mwezi uliopita binti yangu aliniomba, kwa aibu, nimnunulie sidiria ya kwanza. Nilisimama sokoni nimeishika mkononi, ndogo, nyeupe, na muuzaji akaniuliza kama ninaumwa.