Visiwa vya Majani katika Pamba ya Baba

Majani yaliyofungiwa yana harufu yake. Aliyekulia Usukuma hahitaji kuelezwa, lakini kwa wageni nitasema ni harufu ya udongo mweusi ulioloa, samadi ya mwaka jana, na utamu wa mbali kama wa pumba za mtama zilizolowekwa. Harufu hiyo ilitoka nyuma ya kaya yetu, upande unaoelekea kijiji cha Migato, kila mvua za kwanza zilipotua, kwa sababu huko nyuma ndiko ilikokuwa ngitili ya bibi. Ngitili ni malisho yanayowekwa akiba. Mvua zikianza mifugo inaondolewa, majani yanaachwa yakue yanavyotaka, na haingii hata mbuzi mpaka kiangazi kikaze na kwingine kote kuwe vumbi tupu. Yetu ilizungushiwa minyaa pande tatu, na upande wa nne ilipakana na shamba la pamba la baba. Babu alipofariki aliiacha mikononi mwa bibi, na bibi aliilinda kuliko alivyolinda meno yake, ambayo kwa kweli aliyaachia ugoro uyamalize.

Humo waliishi kwale, wale wenye shingo tupu ya manjano. Dume alipanda juu ya kichuguu kabla jua halijatoka na kuanza kukwaruza kwa sauti kama ya mtu anayeburuta sufuria juu ya mawe. Bibi aliamka naye. Alivaa koti la zamani la babu, akachukua fimbo yake, akaenda kusimama kwenye kinjia kilichopita kando ya minyaa, na mimi nilimfuata kwa sababu nilikuwa mjukuu wake wa kwanza na nilikuwa mbishi, nisiyeweza kuachwa nyuma. Mwanzoni mwa mvua kubwa ndipo vifaranga vilipotoka. Umande ukiwa mwingi, mama kwale aliwaleta wanawe kwenye kile kinjia wakauke, wamepangana kandokando, wadogo kama mbegu za mabungo, mgongoni wana mistari ya kahawia. Bibi aliusoma mwaka kwa kuwatazama. Mvua ya usiku ikiwa na upepo, alisema asubuhi watapungua, na walipungua. Panzi wakiwa wengi, alisema huu ni mwaka wa kwale, kwa sababu kifaranga cha kwale hakijui nafaka siku zake za mwanzo, kinakula wadudu. Nisimdanganye mtu: kiangazi tuliwatega na kuwala, na mchuzi wao kwa ugali wa mtama ulikuwa mtamu. Lakini msimu wa mayai hakuna aliyethubutu. Bibi alisema anayekula mbegu asiulize mavuno.

Kulikuwa na desturi nyingine katika kaya yetu, na hiyo ndiyo iliyonifanya niandike haya. Mtu anayelima kwa plau akikuta kiota cha kwale, alichomeka kijiti, akawazungusha ng'ombe, na kipande kile cha majani kiliachwa bila kulimwa mpaka mayai yaanguliwe. Waliamini kwamba anayepitisha plau juu ya kiota, ng'ombe wake watatupa mimba. Sijui kama ni kweli. Najua kwamba mwanamume mkubwa kama baba yangu, Masanja, ambaye hakuogopa nyoka wala fisi, alisimamisha ng'ombe wanne katikati ya kazi kwa ajili ya mayai matano.

Mwaka ninaoukumbuka nilikuwa na miaka kumi hivi. Pamba ilikuwa na soko, na kila mtu alitaka kupanua shamba. Ng'ombe wetu walikuwa wamepungua kwa ugonjwa, na majirani wote walikuwa wameshalima ngitili zao mpaka ukingoni. Asubuhi moja baba alimkuta bibi akikoka moto, akamwamkia kwa heshima, "Mwangaluka, mayu," yaani habari za asubuhi, mama, kisha akavuta kigoda akakaa. Tulijua lipo jambo, kwa maana baba hakuwa mtu wa kukaa jikoni.

"Mayu, watu wote wamelima. Sisi tunafuga majani," alisema.

"Tunafuga ng'ombe," bibi alijibu. "Majani yanajifuga yenyewe."

"Ng'ombe hawa waliobaki wanatoshwa na mabua ya mahindi. Watoto wanataka shule, mayu. Nitawasomeshea majani?"

Bibi alipuliza moto hata majivu yakaruka. Nilimwona akinitazama, mimi niliyekuwa nimeshaanza kuzidi umri bila viatu vya shule, nikafahamu kwamba nimetumika kama fimbo ya kumchapia. Alikaa siku kadhaa bila kutoa jibu. Kisha akamwita baba, akamwambia alime, lakini viota asiguse. Kiota kimoja kikivunjika, plau irudi nyumbani siku hiyohiyo na ngitili ifungwe tena. Baba akakubali papo hapo, tena kwa furaha. Ahadi ni deni, na baba alikuwa mtu wa kulipa.

Mimi ndiye niliyeongoza ng'ombe. Nilitangulia mbele na kamba, macho chini, na kazi yangu ya pili ilikuwa kutafuta viota. Majani yalikuwa yamenifika kiunoni, yamejaa maji na panzi wachanga waliorukia usoni mwangu. Kwale jike hakimbii mapema. Hukaa juu ya mayai mpaka mguu wa ng'ombe uwe karibu kumkanyaga, ndipo huruka kwa kishindo, na ng'ombe hushtuka, na baba hutukana kwa adabu kwa kuwa bibi yuko karibu. Kila aliporuka mmoja, nilipiga kelele, baba akasimama, akachomeka kijiti, akazunguka. Tulipomaliza, ngitili yote ilikuwa nyeusi, imepinduliwa, na katikati yake vilibaki visiwa vya majani, kila kimoja na kijiti chake. Hakuna yai hata moja lililovunjika. Wapita njia walisimama kushangaa. Mmoja alimtania baba kwamba amelima shamba akasahau kulinyoa ndevu, na baba akacheka, akasema ndevu hizo ni za mama yake. Bibi alizunguka visiwa vyote na fimbo yake, kisha akarudi nyumbani akatupikia mchicha wa karanga. Siku ile kila mtu alilala akiwa na furaha, na hilo ndilo linaloniuma zaidi kila nikikumbuka.

Kwa maana desturi ile ilitungwa na watu waliokuwa na majani mengi. Zamani, kisiwa kilichoachwa shambani kilikuwa hatua chache tu kutoka ngitilini, na mama kwale aliwaangulia watoto hapo, akawahamishia kwenye majani marefu siku hiyohiyo. Hatukufikiri hivyo. Sisi tulifikiri kinachotunzwa ni mayai. Sasa visiwa vilikuwa peke yavyo katika ardhi tupu, na kila kijiti kilikuwa kama kidole kinachomwonyesha mwenye njaa mahali pa chakula. Kunguru walijifunza kwanza. Walitua juu ya vijiti vyetu wenyewe, wakatazama chini, wakashuka. Nguchiro wakafuata, maana nguchiro akishajua kwamba kila kichaka kina mayai, kazi yake ni kutembea tu. Kimoja kilichokuwa karibu na njia kilichukuliwa na wachungaji, nao hawakuwa watu wabaya. Waliona kijiti, wakauliza maana yake, wakaelewa. Tulipoanza kupalilia, visiwa vyote vilikuwa vitupu isipokuwa kimoja kilichoegemea kichuguu.

Hicho kikaanguliwa. Sijapata kumwona bibi akifurahi vile. Alikuja jikoni na koti la babu limelowa umande mpaka magotini, akamwambia mama, "Wametoka, wametoka wote," kana kwamba ni mkwe wake aliyejifungua. Alikwenda kuwatazama kila asubuhi. Lakini kinjia cha kukaukia kilikuwa kimelimwa, na mama kwale aliwatembeza wanawe katikati ya mistari ya pamba changa iliyopaliliwa vizuri, safi, bila jani moja la magugu. Baba alijivunia usafi ule. Vifaranga vilionekana kutoka mbali kama vikombe vilivyoachwa uani. Mwewe akaanza kuja.

Kisha pamba ikaingiwa na viwavi. Bibi alimwomba baba asinyunyize dawa kwanza, angoje vifaranga viweze kuruka. Nataka hili lieleweke, kwa sababu ndugu zangu wadogo wamekua wakidhani baba alikuwa mtu mgumu: alingoja. Alingoja huku kila asubuhi akifungua vitumba na kukuta vimeliwa, huku shamba la jirani likimeta na letu likitoboka. Alingoja mpaka mama akaanza kulia. Ndipo akabeba bomba mgongoni, akapita mistari yote, akaacha tu ile iliyozunguka kichuguu. Harufu ya dawa iliingia mpaka kwenye maziwa. Ilipoisha, shamba lilikuwa kimya kuliko nilivyowahi kulisikia. Panzi hawakuwapo. Hata sisimizi hawakuwapo. Mama kwale aliendelea kuchakura, akiita wanawe kama kawaida, nao walikimbilia palipochakurwa na kukuta udongo.

Bibi alichukua jembe akabomoa upande wa kichuguu, akajaza mchwa kwenye kibuyu, akaenda kuwamwaga mbele ya wale watoto. Wakamkimbia. Alirudi tena, akawamwaga mbali kidogo, akajificha nyuma yangu, bibi kizee na koti lake, tukachuchumaa tukisubiri. Mchwa wakatambaa wakapotelea ardhini. Siku zile alizunguka na kibuyu chake mpaka watu wakaanza kumsema, na vifaranga vikawa vinajikunyata, vinabaki nyuma, vinapungua. Jioni moja tulimwona mama kwale akivuka shamba kuelekea bondeni na kifaranga kimoja nyuma yake. Hatukumwona tena.

Baba alikuja kuomba radhi. Alisimama mlangoni pa bibi na kofia mkononi, akasema hakuvunja yai hata moja. Bibi akamwambia akae. "Najua, Masanja. Umetimiza nilichokuomba," alisema. "Mimi ndiye niliyekuomba kitu kidogo. Nilikuomba mayai, kumbe ilifaa nikuombe majani." Hakumnunia. Pamba ilipouzwa, mimi na wadogo zangu tulipata sare za shule, na yeye akapata kitenge, akakivaa kanisani mpaka kikachanika. Ila asubuhi aliacha kutoka. Alilala mpaka jua liingie ndani, akasema baridi siku hizi ni kali. Wazee wetu walisema majuto ni mjukuu, na mimi mjukuu nimeyarithi kweli.

Leo ukitoka Bariadi kwenda kwetu, shamba linapakana na shamba mpaka barabarani. Minyaa imeng'olewa, vichuguu vimesawazishwa kwa trekta, na ngitili ni neno ambalo watoto wangu wanalijua kwa kunisikia. Nikienda Mwanhuzi kwa biashara yangu ya choroko huwa nasikia kwale bado, huko kwenye mapori makavu, na hunibidi nisimame kando ya barabara mpaka nimalize kuwasikiliza. Siwalaumu wanaolima. Nimesoma kwa pamba ile, na ninayoandika haya ndiyo mavuno yake. Lakini nikilinganisha nilichopewa na kilichoondoka, siwezi kusema tulifanya biashara nzuri, na siwezi kusema nani angeweza kufanya nyingine.

Baba alipozeeka alinipa mimi kipande kile, kwa kuwa ndugu zangu wanataka viwanja mjini. Sasa ni msimu wa tatu sijakilima. Nimekifunga kama kilivyofungwa zamani, majani yamenifika tena kiunoni, na panzi wamerudi wengi. Majirani wananiuliza kama ninaumwa. Mmoja alichungulia, akaniambia penye miti hapana wajenzi, akaenda zake akicheka. Nilikasirika kwa sababu amesema kweli. Nilidhani majani yakirudi na ndege watarudi, lakini watatoka wapi? Kutoka hapa mpaka palipo na kwale wengine ni mashamba matupu safari nzima, na kwale si korongo wa kuvuka nchi. Kanga hazai ugenini, na kwale vilevile.

Baba yeye anaamini watakuja. Kila asubuhi anaomba kiti chake kiwekwe nyuma ya nyumba, akae akitazama yale majani. Masikio yake yamekuwa mazito. Lazima mtu ainame ndipo asikie. Juzi nilipompelekea uji alinishika mkono, akaniuliza kwa sauti ya chini, kama mtu anayeogopa jibu, "Kabula, niambie ukweli. Hawalii, au ni masikio yangu hayasikii?"

Niliinama, nikamwambia ni masikio.

Alitikisa kichwa polepole, akanywa uji wake. "Afadhali," akasema. "Afadhali iwe masikio."