Kilio cha Marudio

Nichekeni, lakini mnisikilize kwanza. Tangu nivunjike mguu nimekuwa mtu wa kochini tu, hapa kwetu Utange, nikirudia tamthilia zangu za zamani. Jana nilifika pale mzee wa familia anapokufa. Nikalia, wallahi, kilio cha kutoka moyoni, na madirisha yote wazi.

Sijamaliza kujifuta machozi, nikaona majirani wanaingia kimya, wamejitanda leso. Bi Zena wa nyumba ya pili akanikumbatia bila neno. Moyo ukanilipuka. Kwetu habari ya kifo hailetwi na mtu mmoja. Huja wengi, wakakukalisha kwanza. Nikamfikiria mume wangu Athmani, aliyekuwa kazini Port Reitz. Nikampigia simu, hakupokea. Nikaangua kilio upya, na wao wakalia nami. Nje nikasikia wanaume wanapanga viti.

"Jikaze, mwanangu," Bi Zena akaninong'oneza. "Ni nani aliyetutoka?"

"Si nyinyi ndio mniambie?"

"Sisi tumekuja kwa kilio chako!"

Kabla sijajibu, Athmani akaingia mbio, anahema, jasho linamtiririka. Kumbe walishamwita arudi upesi. Akanitazama mimi mzima, akawatazama wale kina mama, kisha akaitazama runinga, ambako jeneza lilikuwa likitolewa nyumbani na jamaa wakilia.

"Salma," akasema mbele ya watu wote, "huyu mzee si ndiye yule uliyemlilia mwaka jana?"