Maini ya Baba Mwenye Nyumba

Odilia alisimama mbele ya sufuria, upawa mkononi, amekasirika na hakuna aliyemkosea. Kwao Murungu kuku akichinjwa, maini na firigisi ni vya baba mwenye nyumba, na ndivyo alivyompakulia mumewe Laurent tangu aolewe. Lakini Asnath, mke wa mwanawe Brighton, alikuwa amejifungua majuzi, na damu ilimpungua hadi viganja vikapauka. Nesi alisema ale maini, maharage na mchicha, akamulie limau, na chai asinywe pamoja na chakula. Sasa nani atamwambia mzee?

Akapakua kama siku zote, akampelekea Laurent huku roho ikimsuta.

Laurent aliitazama sahani, akairudisha. “Mpe mzazi. Mimi meno yananiuma.”

“Maini laini hivi?” Odilia akamaka. Asubuhi hiyohiyo alimwona akitafuna mahindi ya kuchoma.

“Yananiuma, Mama Brighton,” mzee akasema, macho yakiwa uani. “Na ile chai yake niletee mimi. Asije akajisahau akainywa.”